Fahari ya Nyumba ya Mianzi

Majivuno ni maradhi ya kale, na dawa yake imetafutwa na wenye hekima wa kila taifa. Walakini majivuno tuliyoyazoea ni yale ya mtu kujipandisha: kujitia katika nasaba isiyo yake, kuvaa nguo ya kuazima, kutaja majina ya wakubwa kana kwamba alikula nao sahani moja. Majivuno ya namna hiyo hayahitaji insha, maana mtoto wa miaka kumi huyatambua na kuyacheka. Ninayokusudia kuyaandika hapa ni ndugu yake mdogo, aliyezaliwa nyuma akakua upesi hata akampita mkubwa wake kwa kimo. Nayo ni majivuno ya mtu aliyekwisha kutajirika, au kupata cheo, au kujulikana na maelfu ya watu, ambaye husimama hadharani na kujisifu kwamba yeye ni mtu duni: kwamba alizaliwa katika nyumba ya mianzi, alitembea peku, alilala na njaa, na kwa sababu hiyo yeye na hao wanaomsikiliza ni kitu kimoja.

Katika Wilaya ya Rungwe majivuno haya huja kwa msimu, tofauti na mvua ya Tukuyu ambayo haioni haya kunyesha mwezi wowote. Kila baada ya miaka mitano magari makubwa hupanda kutoka Mbeya kwa njia ya Kiwira, hupita chini ya Mlima Rungwe bila kupunguza mwendo, na kusimama mjini mbele ya umati uliokuwa umesimama tangu asubuhi. Anayeshuka ni mtu wa heshima, mwenye afya njema. Huanza kwa kuwauliza watu kwa lugha yao, "Mugonile?", yaani kama wamelala salama, na wengi wa wanaoulizwa wameamka gizani kuchuma chai. Kisha hunyamaza kidogo, huvua miwani, na kutoa neno lililomleta: kwamba asimwone mtu kama mheshimiwa, yeye ni mtoto wa mkulima. Watu hupiga makofi. Wanaopiga makofi ni wakulima na watoto wa wakulima, na hapana hata mmoja kati yao aliyepata kupigiwa makofi kwa sababu hiyo.

Swali langu limo katika makofi hayo. Kwa nini jambo moja liwe sifa kwa mtu mmoja, na kwa elfu walio mbele yake lisiwe sifa wala habari? Ikiwa kuzaliwa na mkulima ni jambo tukufu, basi utukufu huo umejaa uwanja mzima, na mheshimiwa hana fungu kubwa kuliko yule mama aliyeketi juu ya ndoo pembeni. Na ikiwa si jambo tukufu, tunamshangilia kwa lipi?

Yafaa kwanza tumwondolee shutuma asiyostahili. Aghalabu mtu huyu hasemi uongo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 karibu watu wote walikuwa wa shamba, na miji yetu ilikuwa midogo mno. Kwa hiyo mtu mzima wa leo anayesema kwamba baba yake au babu yake alikuwa mkulima anatueleza jambo lililo na kweli sawa na kwamba alizaliwa na masikio mawili. Waziri Mkuu Mizengo Pinda, aliyeshika madaraka toka 2008 hata 2015, alijulikana nchi nzima kwa jina la Mtoto wa Mkulima, na jina hilo lilikuwa la haki, kwa kuwa ndivyo alivyozaliwa huko Mpanda. Simtaji kwa lawama. Namtaji kwa sababu jina lile, lilipoonekana linapendwa, liliacha kuwa la mtu mmoja na kuwa kama kanzu ya msikiti iliyotundikwa mlangoni: kila anayeingia huivaa, akitoka huiacha kwa mwenzake.

Zamani hali haikuwa hivi. Kati ya miaka ya 1930 na 1950 vijana wengi wa Unyakyusa walikwenda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na wengine wakaenda mbali zaidi, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika ya Kusini. Kijana aliyerudi kutoka huko hakuwaambia watu kwamba alilala katika bweni moja na watu wengi, akala chakula cha kupimiwa. Alirudi na suti na viatu vya ngozi, akasimulia taa na magari, na kama alikuwa amefukuzwa kazi hakulitaja hilo. Alidanganya kwenda juu, kwa kuwa faida ilikuwa juu. Leo mwenye suti hudanganya kwenda chini. Tabia ya binadamu haikubadilika, soko limehama. Maadamu cheo hutolewa kwa kura za walio wengi, na ukwasi wa msanii hutoka katika sarafu ndogondogo za walio wengi, kufanana nao kumekuwa mtaji, na wenye mtaji hawakosi kuusimamia.

Wamarekani walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1840 walimchagua William Henry Harrison awe rais, baada ya wafuasi wake kumtangaza kila mahali kuwa mtu wa kibanda cha magogo na pombe ya matofaa. Ukweli ni kwamba alizaliwa katika jumba la matofali, kwenye shamba kubwa la Virginia lililolimwa na watumwa, na baba yake alikuwa mmoja wa waliotia sahihi Azimio la Uhuru la 1776. Alikaa katika urais mwezi mmoja tu, akafa mwaka 1841. Kibanda kimeishi miaka mingi kuliko yeye, na wagombea wengi wamekwisha kukipanga.

Mfano wa karibu zaidi na siku zetu ni wa mtengeneza filamu Michael Moore. Filamu yake ya kwanza iliyojulikana, Roger & Me, ya mwaka 1989, ilieleza jinsi kampuni ya General Motors ilivyofunga viwanda katika mji wa Flint na jinsi watu wa mji huo walivyoachwa bila kazi. Ilikuwa kazi njema, na dhuluma aliyoionyesha ilikuwa dhuluma ya kweli. Yeye mwenyewe alizaliwa Flint mwaka 1954, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kilichokuwa chini ya kampuni hiyo hiyo. Lakini alilelewa Davison, mji mdogo wa jirani wenye nafasi zaidi. Filamu yake ya 2004, Fahrenheit 9/11, iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Fedha hizo hazikumwendea yeye peke yake, wala hazikumpita mbali. Pamoja na hayo kofia yake ya kapelo ilibaki kichwani, na shati likabaki limelegea, na jina la Flint likabaki mdomoni. Wapinzani wake wamebishana sana juu ya maili zilizoko kati ya Flint na Davison. Naona wamepoteza wino. Hata kama angelelewa katikati ya Flint, ukuta kwa ukuta na kiwanda, jambo linalotuchekesha lingekuwapo vilevile, maana halimo katika mahali alipozaliwa. Limo katika kofia.

Nieleze maana yangu kwa njia ya sarufi, kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kuchambua maneno. Kitenzi cha Kiswahili hubeba wakati wake mwilini: alilima, analima, atalima. Mtu akisema "nililima" tunaweza kumwuliza ni mwaka gani, na akisema "ninalima" tunaweza kumwomba atuonyeshe mikono. Lakini kijineno "ni" hakina wakati. "Mimi ni mtoto wa mkulima" ni sentensi isiyozeeka. Ilikuwa kweli alipokuwa na miaka saba na kamasi. Ni kweli leo akiwa na nyumba tatu Dar es Salaam. Itakuwa kweli siku ya kuzikwa kwake. Msemaji anaikopa kweli ya jana na kuitumia leo, na msikilizaji, kwa wema wake, hasikii palipoungwa. Tena angalieni kwamba mkulima mwenyewe hasemi maneno haya. Mkulima husema analima, au husema mbolea imepanda bei. Maneno "mtoto wa" ni kiunganishi kilichofanyiwa kazi kubwa: humtoa mtu shambani akiwa mkavu, na huku kikimwachia harufu ya udongo.

Basi uongo upo, ila haumo katika habari inayosemwa. Umo katika kile inachodai. Msemaji anadai udugu. Na udugu ni jambo ambalo watu wa Rungwe walikuwa na njia yao ya kulipima kabla ya kuwako kura wala filamu.

Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica alitoa kitabu kiitwacho Good Company, kinachohusu vijiji vya marika. Mtaalamu wa kigeni hawezi kuona kila kitu, lakini mambo makubwa aliyoyaandika wazee wa Tukuyu hawakuyakanusha. Mvulana alipofika miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala nyumbani kwa baba yake, akaenda na wenzake wa rika moja kujenga kijiji chao wenyewe. Mwanzoni vilikuwa vibanda vya kitoto vya mianzi na majani; walikua humo, wakaoa humo, wakazeeka humo. Jirani ya mtu hakuwa ndugu wa damu, alikuwa mwenzake wa umri. Walikula pamoja, kundi zima likienda leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule. Mtoto wa malafyale, yaani wa mtawala, naye alikuwa katika kijiji cha rika lake, akichunga na kula pamoja na watoto wa watu wa kawaida. Na wakuu wa vijiji, wale walioitwa amafumu, walitoka kwa watu wa kawaida, hawakutoka katika nyumba ya utawala.

Katika maisha hayo kulikuwa na neno moja lililokuwa na uzito wa sheria: ukwangala. Maana yake ni kufurahia kuwa pamoja, kuketi na wenzako, kula na kunywa nao, kuzungumza bila kujitenga. Huo haukuwa mchezo tu wa jioni. Ulihesabiwa kuwa ndio utu wenyewe, na ndio shule ambamo mtu alijifunza akili. Mtu mwenye ng'ombe wengi hakukatazwa kuwa nao. Alitazamiwa kuchinja, hasa kwenye mazishi, na kuwakaribisha jirani. Akila peke yake, au akiwadharau wazazi, au akipitisha nyama kwa mlango wa nyuma, wenzake walinung'unika, na manung'uniko hayo yaliaminiwa kuwa pumzi baridi inayomwingia mwilini na kumwuguza. Pumzi ya watu, ndivyo ilivyoitwa. Tajiri aliyeshikwa na homa ya baridi alijiuliza ni nani hakupata maziwa.

Hebu sasa mchukueni mheshimiwa wetu, na nyumba yake ya mianzi mdomoni, mkamweke katika kijiji cha namna hiyo. Angesimama na kusema, "Mimi ni mwenzenu, nilizaliwa kama ninyi." Nadhani wasingemwelewa. Wangetazamana, kisha mmoja wao angeuliza, kwa adabu, mbona jana hawakumwona kwenye chakula. Katika Unyakyusa ile asili ya mtu haikuwa ushahidi wa uenzi. Mwana wa mtawala alikuwa mwenzao kwa sababu alikula nao, na mtoto wa mtu wa kawaida aliyekula peke yake hakuwa mwenzao, hata angetaja mababu saba. Uenzi ulikuwa kitendo cha kila siku, chenye gharama, kilichoweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye macho na tumbo.

Sisemi kwamba yale yote yalikuwa mema. Pumzi ile ile iliyomtia baridi mchoyo iliweza kumtia baridi mtu mwenye bidii aliyepanda kahawa wakati wenzake wamelala, na hofu ya uchawi ilikuwa ng'ambo tu ya ukwangala. Watu walipoanza kulima mazao ya kuuza, na ardhi ikawa haba, wengi walitaka kukaa kwenye viwanja vyao, mbali na macho ya rika, na hawakuwa wapumbavu kwa kutaka hivyo. Vijiji vya marika vimekwisha. Kijana wa Katumba leo hutazamia kupanda parachichi zake na kujenga nyumba ya matofali, na hana sababu ya kumwomba mtu radhi. Ninachokitoa katika habari hii ni kidogo, nacho ni swali tu: mtu anayedai kuwa mwenzetu anakula wapi?

Ukiuliza hivyo, nyumba ya mianzi huondoka njiani na mambo mengine huanza kuonekana. Watoto wake wanasoma shule gani? Akiugua anatibiwa hospitali ya wilaya, au ndege humchukua? Barabara ya kwenda kwake huteleza mwezi wa Machi kama ya kwenda kwetu? Sitaki mtu yeyote ajinyime matibabu ili anipendeze. Akiwa na uwezo na ajitibu anakotaka. Lakini asirudi kutoka huko na kutuambia kwamba yeye na sisi ni kitu kimoja, maana ameacha kuwa kitu kimoja nasi pale hasa ambapo kuwa kitu kimoja kungemgharimu.

Kuna jambo jingine katika hadithi hizi linaloniudhi zaidi kuliko kofia, nalo ni kukosekana kwa ngazi. Msimulizi huanza kibandani na kumalizia katika jumba, na katikati husema neno "juhudi". Mara chache husema nani alilipa. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, vijana wa nchi hii walisoma hata chuo kikuu kwa gharama ya serikali. Chuo kikuu chenyewe kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kwa wanafunzi wachache, waliokula na kulala na kusoma kwa fedha ya umma. Fedha ya umma ilitoka wapi katika nchi ya wakulima? Ilitoka kwa pamba ya Usukuma, kwa katani, kwa korosho, kwa kahawa, kwa chai ya milima hii ya Rungwe. Mama aliyechuma majani kwa kilo moja baada ya nyingine, akakatwa ushuru kabla ya kulipwa, ndiye aliyempandisha mheshimiwa kwenye daraja la kwanza la ngazi. Baada ya miaka arubaini mheshimiwa anarudi, anamsimulia mama huyo jinsi yeye, mheshimiwa, alivyojikwamua peke yake, na mama anashangilia. Hapo mkulima ameporwa mara mbili: kwanza shukrani aliyostahili, na pili umaskini wake, ambao ulikuwa mali yake pekee ambayo hapana mtu aliyeitamani.

Jirani zetu wa Kenya walilipitia somo hili kwa haraka na kwa uchungu. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 William Ruto aligombea urais akiwa mtu wa kutafuta riziki kwa jasho dhidi ya watoto wa koo za watawala. Alisimulia mara nyingi jinsi alivyouza kuku kando ya barabara katika ujana wake, na chama chake kilichukua alama ya toroli. Yamkini kuku waliuzwa. Sina sababu ya kutoamini. Lakini msimulizi alikuwa na shahada ya udaktari, alikuwa tajiri mkubwa, na alikuwa amekaa miaka tisa katika kiti cha Naibu wa Rais. Alishinda. Vijana waliompa kura kwa ajili ya toroli walitazamia toroli lipite kwao, na badala yake ikaja kodi juu ya kodi. Ndipo wakampa jina jipya, Zakayo, la yule mkuu wa watoza ushuru aliyepanda mkuyu, na wakamwambia ashuke. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliingia katika Bunge la Nairobi kupinga muswada wa fedha. Watu waliuawa kwa risasi siku ile, na kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Sitaki kufanya mzaha juu ya waliokufa. Nataka tu ionekane kwamba hadithi ya kuku haikuwa pambo la jukwaani. Watu walikuwa wameitoa kura kwa hadithi hiyo, kama mtu atoavyo fedha kwa hati, na walipoipeleka hati kudai mali wakakuta haina kitu.

Msomaji mmoja mwenye moyo mwema anaweza kuniuliza: je, mtoto wa maskini hapati faraja akisikia kwamba mkubwa fulani alitoka kama yeye? Huoni kwamba unamnyima tumaini? Hoja hii ni nzito, wala siwezi kuipita. Mwanamuziki Diamond Platnumz alitoa mwaka 2018 albamu iliyobeba jina la Tandale, mtaa wa Dar es Salaam alikokulia, na najua kwamba watoto wa Tandale walitembea siku ile vifua mbele. Kutaja ulikotoka ni adabu. Mtu anayeficha kijiji chake kwa aibu ni mgonjwa zaidi ya huyu ninayemwandika. Lakini kuna ushuhuda na kuna dai, na vinatofautiana kwa kile vinachomfanyia anayesikiliza. Ushuhuda humpa kitu: humwambia njia ilikuwa hivi, mwalimu fulani alinilipia, mara mbili nilianguka, na bahati ilinisaidia kiasi hiki. Dai humwomba kitu: nipende, niamini, nunua, nipigie kura, na hasa usinikague, kwa kuwa mtu hamkagui ndugu yake. Sikiliza mwisho wa hadithi utajua ni ipi. Ushuhuda hukoma pale ambapo msikilizaji anaweza kuuliza swali. Dai hukoma pale muziki unapoanza.

Sasa kuhusu kicheko. Wapo wanaoona kwamba kumdhihaki mtu mkubwa ni kukosa murua, na kwamba mwenye elimu angejibu hoja kwa hoja. Naheshimu maoni hayo, ila hapa hayafai kitu. Hoja hubatilisha uongo, nasi tumekubaliana kwamba habari hii ni ya kweli. Utambishia nini mtu asemaye baba yake alikuwa mkulima? Ukibisha umetukana baba yake. Kitu kinachotenganishwa na hoja kwa sababu kina kweli nusu hufikiwa na mzaha peke yake, na ndiyo sababu desturi zetu hazikuuacha mzaha kuwa jambo la kihuni. Ziliupa cheo, zikauita utani, zikamruhusu mtani aseme msibani mbele ya jeneza maneno ambayo hapana mwingine aliyeruhusiwa kuyawaza. Mtani hamwambii tajiri kwamba ni mwongo. Anamletea jembe, kwa heshima zote, na kumwonyesha palipo shamba.

Walakini mzaha nao una mipaka, na wanafunzi wanaosoma kurasa hizi watahitaji kuijua, kwa sababu wengi wao ni watoto wa wakulima na wengi wao baada ya miaka ishirini watakuwa na gari. Si halali kumcheka mtu kwa kuwa alizaliwa katika umaskini, wala kwa kuwa ametoka humo, wala kwa kuwa Kiswahili chake bado kina lafudhi ya nyumbani. Anayecheka hayo amesimama upande wa mheshimiwa bila kujijua, maana naye anaamini kwamba kuzaliwa kunatosha kumpima mtu. Ndiyo maana sipendi pia dhihaka ya wivu, ile isiyoweza kumwona jirani akipaka nyumba rangi. Hiyo ni pumzi baridi ya kale iliyokosa ukwangala wake. Kicheko cha haki humchukua mtu kwa neno lake mwenyewe. Umesema wewe ni mwenzetu. Karibu basi, sogea, kuna magimbi.

Nchi hii ilipata wakati mmoja kuliuliza swali hili kwa maandishi. Julius Nyerere alikuwa mtoto wa chifu, mwana wa Burito wa Wazanaki, na hakujitengenezea kibanda asichozaliwa ndani yake. Azimio la Arusha la Februari 1967, alilolisimamia, liliwawekea viongozi masharti: wasiwe na mishahara miwili, wasiwe na hisa katika makampuni, wasiwe wakurugenzi wa makampuni ya kibepari, wasiwe na nyumba za kupangisha. Waweza kuyapinga masharti hayo kwa sababu za uchumi, na wengi wameyapinga. Lakini tazama yanachouliza. Hayaulizi mtu alizaliwa na nani. Yanauliza jioni hii kodi ya nyumba inaingia mfuko wa nani. Mwaka 1991 chama tawala kilikaa Zanzibar na kuyalegeza, na sidhani ni bahati tu kwamba tangu masharti yalipolegea hadithi za utotoni zimezidi kuwa ndefu.

Mahali pa masharti yale pamewekwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995. Kwa sheria hiyo kiongozi anatakiwa kuorodhesha mali zake na madeni yake, pamoja na ya mwenzi wake na ya watoto wake wadogo, na kuipeleka orodha kwa Kamishna wa Maadili. Kazi aliyofanya baba yake haiulizwi. Ila mwananchi wa Tukuyu anayetaka kuisoma orodha hiyo hawi huru kuifungua kama gazeti, anawekewa masharti. Habari ya nyumba ya mianzi husimuliwa uwanjani kwa kipaza sauti, bure, hata kwa wasioiuliza.